Mvumo Usionyamaza: Je, Kuyasema Maradhi ni Kukosa Subira?

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio na macho na nyoyo ili tumshukuru. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, kuna maradhi ambayo mwenye nayo akilala kitandani jamaa huja kumtazama, wakamletea uji na maji ya madafu, wakamsomea na kumuombea. Na kuna maradhi mengine ambayo mwenye nayo huenda sokoni, hukaa barazani na huswali safu moja nawe, na hapana ajuaye kwamba anaumwa. Hana jeraha la kuonyesha, hana homa ya kupimwa, wala hachechemei. Khabari yake yote iko ndani ya kichwa chake, na shahidi wake ni yeye peke yake. Mojawapo katika maradhi ya namna hii ni mvumo wa masikio: mlio anaousikia mtu usiku na mchana, hali ya kuwa nje hakuna kitu kinacholia.

Makala haya ni juu ya mvumo huo. Lakini ndani yake mna suala linaloihusu kila nyumba, hata ile ambayo masikio ya watu wake ni mazima. Suala lenyewe ni hili: mtu aliyepewa mtihani usioonekana, akasema kwamba anaumia, je, amekosa subira? Na yule anayemwambia "Subiri!" kisha akaenda zake, je, amemnasihi, au amejitua mzigo?

YALIYONIFIKA

Siandiki kwa khabari za kuambiwa. Mwaka 2019, baada ya mvua za masika, nilishikwa na homa kali nikalazwa siku kumi na moja. Yalikuwa ni maambukizo yaliyoingia katika damu, na siku za mwanzo jamaa zangu walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Nikadungwa sindano za dawa yenye nguvu iitwayo jentamisini, na kwa idhini ya Mwenyezi Mungu nikapona. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu, na watu wakaja kunipa pole na kumshukuru Mungu pamoja nami.

Usiku ule wa kwanza, taa zilipozimwa na watoto walipolala, nikasikia nyenje. Nikamwambia mke wangu, "Leo nyenje wamezidi." Akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Nyenje gani? Mbona kimya?"

Nikatoka uani, nikawasikia vile vile. Nikaziba masikio kwa vidole, wakazidi. Hapo nikatambua kwamba nyenje hawako kwenye mti wala ukutani. Wako ndani yangu, na popote niendapo nakwenda nao.

Baada ya mwezi nilikwenda kwa daktari wa masikio. Akanipima, akaniambia kwamba sauti nyembamba za juu zimenipotea katika masikio yote mawili, na kwamba yumkini ni ile dawa, yumkini ni homa yenyewe, na yumkini ni vyote viwili. Dawa za jamii ile zajulikana tangu zamani kwamba zaweza kudhuru sikio. Lakini mtu anapokuwa baina ya uhai na mauti, daktari hupima madhara mawili akachagua lililo jepesi. Na hiyo ni kanuni ambayo hata mafakihi wetu wanaijua na kuitumia. Basi sina wa kumlaumu. Sindano iliyonirudisha kwa wanangu ndiyo hiyo hiyo, kwa dhana kubwa, iliyoniachia mvumo.

Nikamweleza ami yangu, mtu mzima ninayemheshimu sana. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, watu wamekatwa miguu wakashukuru. Wewe umepona mauti, unalia kwa ajili ya mlio? Subiri, bwana." Nikaona haya. Tangu siku hiyo sikumtajia mtu tena, nikidhani kwamba huko kunyamaza ndiko subira yenyewe.

NI KITU GANI HIKI?

Kabla ya kuhukumu jambo, ni wajibu kulijua. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma yake, mna kiungo kilichojizungusha mfano wa konokono. Humo zimepangwa chembe ndogo zenye vinywele, takriban 15,000 katika kila sikio, na kazi yake ni kuipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa usikizi. Chembe hizi kwa binadamu zikifa hazioti tena. Huuliwa na uzee, na makelele makubwa, na baadhi ya maradhi kama homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya dawa. Streptomaisini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1943 na kuwaokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu, iliwaharibu wengine masikio na kuwaletea kizunguzungu. Kwinini nayo, ambayo wazee wetu wa pwani wanaijua vizuri, huvumisha masikio ya mwenye kuitumia, ila mvumo wake aghlabu huondoka dawa ikimalizika.

Sasa, chembe zikifa, kwa nini mtu asikie zaidi badala ya kusikia pungufu? Wataalamu wengi hueleza hivi. Mfikirie mzee anayetafuta usiku stesheni ya mbali kwenye redio yake ya masafa mafupi. Stesheni haishikiki. Mzee anaongeza sauti, na kadiri anavyoongeza ndivyo redio inavyozidi kufoka shshsh. Ubongo nao ulizoea kupata khabari kutoka kila upande wa sikio. Upande mmoja ukikatika, huongeza juhudi ya kuutafuta, na mfoko wa juhudi hiyo ndio mvumo. Wako watu ambao mshipa wao wa usikizi ulikatwa katika upasuaji, na mvumo ukabaki vile vile. Hii yaonyesha kwamba chanzo kikiwa sikioni, makao yake huwa ni kichwani.

Jambo hili si geni wala si la wachache. Ibn Sina (980–1037) alilitaja katika maradhi ya sikio ndani ya kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb, na kwa Kiarabu huitwa tanin. Na uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani husikia mvumo, na kwamba zaidi ya milioni 120 kati yao wanauona kuwa ni taabu kubwa.

Nayasema haya ili tuondoe dhana mbovu. Kwetu mtu akivumiwa na sikio huambiwa kwamba anasengenywa mahali. Wengine humwambia kwamba ana jini, na mimi alikuja mmoja akataka fedha nyingi ili amtoe. Wengine hutaja hadithi ya kwamba sikio likivuma ni lazima mtu amswalie Mtume. Kumswalia Mtume (S.A.W.) ni kheri wakati wote, na kisomo cha Qur'ani kwa mgonjwa ni jambo jema. Lakini hadithi hiyo wanachuoni wamekhitilafiana nayo, na baadhi yao, akiwamo Ibn al-Jawzi, wameitia katika zilizozuliwa. Tumswalie Mtume kwa mapenzi, wala tusimuongezee maneno.

Wengine nao hutia sikioni mafuta ya moto, vitunguu thaumu, mafuta ya taa au vijiti vya pamba. Haya hayafiki palipo na mvumo, na yaweza kuitoboa ngoma ya sikio. La wajibu ni kwenda kwa daktari, kwani mara nyingine sababu ni nta iliyojaa au usaha, na hivyo vina dawa. Na ikiwa usikizi umepotea ghafla, au mvumo uko sikio moja tu, au unadunda sawa na moyo, mtu asingoje. Kwa uziwi wa ghafla, kuchelewa siku chache huenda kukapoteza nafasi ya kutibiwa.

NI IPI SUBIRA?

Turudi kwenye maneno ya ami yangu. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kitabu kizima juu ya subira na shukrani. Anaeleza kwamba asili ya neno hilo kwa Kiarabu ni kuzuia: kuizuia nafsi isipapatike, kuuzuia ulimi usishitaki, na kuvizuia viungo visifanye yale ya wenye kukata tamaa, kama kujipiga na kuchana nguo.

Hapo penye ulimi ndipo tunapojikwaa wengi. Tunadhani kuuzuia ni kuufunga kabisa. Lakini tumtazame Nabii Ayyub (A.S.), ambaye jina lake limekuwa ndio mfano wa subira. Katika Sura ya 21 twasoma kwamba alimwita Mola wake na kumtajia dhara iliyomgusa. Kisha katika Sura ya 38 Mwenyezi Mungu mwenyewe anamshuhudia kwamba alikuwa mwenye kusubiri. Alisema, na akahesabiwa katika wenye subira. Na Nabii Yaakub (A.S.) aliahidi subira njema, naye alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Walipomlaumu wanawe, akawajibu kwamba huzuni yake anaishitaki kwa Mwenyezi Mungu. Zingatia ni akina nani waliomlaumu kwa kilio chake: ni wale wale waliomsababishia.

Pengine utasema, "Hao walimshitakia Mungu, hawakuwashitakia watu." Haya, tazama nyumba ya Mtume wetu. Bibi Aisha (R.A.) aliumwa na kichwa akakilalamikia kichwa chake. Mtume (S.A.W.) hakumkemea; alimwambia kwamba yeye naye kichwa chamuuma. Imam al-Bukhari ameiweka hadithi hiyo katika mlango wa yale aliyoruhusiwa mgonjwa kuyasema, na katika anwani ya mlango huo huo akakitaja kile kilio cha Ayyub. Imam huyu alikwisha kulijibu suala letu zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Basi kuna tofauti baina ya kutoa khabari na kufungua mashitaka. Mwenye kusema "Naumwa, masikio yanavuma, sikulala" ametoa khabari. Mwenye kusema "Nimemkosea nini Mungu hata anifanyie haya?" huyo amemshitaki Muumba kwa viumbe. La kwanza ni haki ya mgonjwa, na kwa daktari ni wajibu wake. La pili ndilo tunalotakiwa kuuzuia ulimi nalo.

Na hapa yanipasa niseme kweli juu ya nafsi yangu. Nilipofunga mdomo kwa ajili ya maneno ya ami, sikuwa nimesubiri. Mtoto akiangusha sahani nilimpigia kelele mpaka akajificha nyuma ya mama yake. Barazani niliacha kwenda, kwani penye watu wengi sikuwa nikipambanua maneno, na niliona haya kuuliza mara mbili. Mke wangu akinisemesha nilimjibu kwa neno moja. Ami hakukosea kusema kwamba sikuwa na subira. Alikosea mahali pake tu. Kasoro haikuwa katika kusema. Ilikuwa katika yale niliyoyafanya nilipokuwa nimenyamaza. Kimya changu kilikuwa ni hasira iliyofungiwa ndani, na waliokuwa wakiilipia ni watoto.

USIKU MMOJA

Kiasi cha miezi minne baada ya kupona, saa tisa za usiku, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Mke wangu akaamka akaniuliza nina nini. Nikasema neno ambalo mpaka leo namuomba Mungu msamaha kwalo: "Heri ningelikufa kule wodini."

Hakuniambia "Subiri." Hakuniambia "Astaghfirullah, usiseme hivyo." Aliwasha taa, akakaa kando yangu, akasema, "Hebu niambie unavyosikia. Ni kama nyenje, au ni kama birika linalochemka?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikamwambia ni nyenje upande wa kushoto, na kulia ni kama waya wa umeme. Akauliza wakati gani unazidi, na wakati gani unapungua. Tukazungumza mpaka alfajiri, na mwisho akasema, "Basi turudi kwa daktari, mimi na wewe, umwambie na hayo ya usiku." Mvumo haukupungua hata chembe usiku ule. Nilichopungukiwa ni upweke, na kumbe ndio uliokuwa mzito zaidi.

Mtume (S.A.W.) alikataza mtu asitamani mauti kwa dhara iliyompata, na kama hana budi kusema, basi amuombe Mola wake ampe uhai maadamu uhai ni kheri kwake, na amfishe ikiwa kufa ndiko kheri. Tazama rehema iliyomo. Hadithi yakataza, na papo hapo yakiri kwamba mja huenda akafikishwa mahali pa "hana budi", ikamwekea maneno ya kushika badala ya kumwacha bila kitu. Ndugu msomaji, ikiwa wewe umefika hapo, usikae peke yako na fikira hiyo. Mwambie mtu unayemuamini usiku huo huo, na uende hospitali. Hapana aibu katika hilo.

BIBI ALIYEOMBA STARA

Iko hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya bibi mmoja mweusi aliyekuwa na kifafa. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba huanguka na nguo zikamvuka, basi amuombee. Mtume akamkhiyarisha: akitaka atasubiri na malipo yake ni Pepo, na akitaka atamuombea apone. Bibi akachagua kusubiri. Kisha akaongeza ombi moja: aombewe asivukwe na nguo. Mtume akamuombea hilo.

Hadithi hii nimeisikia tangu utotoni ikisomwa kwa ajili ya ile sehemu ya kwanza. Ni baada ya kupatwa ndipo nilipoiona ile ya pili. Bibi yule alitenga mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Maradhi aliyakubali. Kule kuvunjiwa heshima na maradhi hakukukubali. Alikutafutia dawa, na wala Mtume hakumwambia kwamba ombi hilo limeitia ila subira yake.

Basi nami nikajiuliza: ni kipi kisichoondoka, na ni zipi nguo ninazovuliwa? Kisichoondoka ni mvumo. Mpaka sasa hakuna dawa ya kumeza inayojulikana kuumaliza, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakuuzia maneno. Lakini usingizi, utulivu wa swala, upole kwa watoto, kukaa na watu: hizo ndizo nguo zangu, na hizo zaweza kutafutiwa stara.

Stara ya usiku: mwenye mvumo asilale katika kimya kikavu. Feni, redio iliyopunguzwa, au kisomo cha Qur'ani kwa sauti ndogo huupa ubongo kitu kingine cha kusikia. Sauti isizidi mvumo wala isiuzibe. Iwe chini yake kidogo. Mwenye usikizi uliopungua, kifaa cha kuvaa sikioni humsaidia kusikia watu, na wengi hupata nafuu ya mvumo pia. Na kuna mafunzo ya mazungumzo, ambayo mgonjwa hukaa na mtaalamu wakazitazama fikira zinazomtisha. Haya, kwa ushahidi uliopo, ndiyo yaliyothibiti zaidi katika kupunguza taabu ya mvumo, ijapokuwa hayaupunguzi mvumo wenyewe.

Stara ya swala: nilikuwa nikirudia swala mara mbili na tatu, nikidhani kwamba maadamu nasikia nyenje basi sina khushuu. Mwalimu wangu wa zamani aliponisikia akanikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto naye yumo ndani ya swala, akaifupisha kwa kumuonea huruma mama yake. Alisikia, na swala yake ndiyo swala. Khushuu ni kuhudhuria kwa moyo. Hatukukalifishwa tuwe viziwi. Tangu hapo nikaacha kurudia.

Na liko jambo la tatu, nalo kwangu ndilo lililokuwa kubwa. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani waliwatia watu 80, wenye kujiona wazima wa masikio, katika chumba kisichopenya sauti, wakawaambia waeleze wanachosikia. Takriban 94 katika kila 100 walisikia milio: mvumo, mlio wa kengele, mlio wa wadudu. Maana yake ni kwamba kile kimya kitupu nilichokuwa nikikililia, yumkini sikuwa nacho hata zamani. Na mwaka 1990 mtaalamu Pawel Jastreboff alieleza kwamba kinachomtesa mtu si ukubwa wa mlio peke yake. Ni hukumu ambayo ubongo umeupitishia. Ukiuhukumia kuwa ni adui, utaulinda mlango usiku kucha. Ukiuona kuwa ni kitu kisicho na khabari yoyote, utauacha upite, kama mtu aliyezaliwa kando ya bahari asivyoyasikia mawimbi mpaka mgeni amuulize.

Nikaona kwamba haya hayako mbali na yale ya Ibn al-Qayyim: kuizuia nafsi isipapatike. Kusubiri juu ya mvumo si kupigana nao, kwani kila anayeusikiliza ili aone kama umeondoka ameuita tena. Ni kuacha kuupa hukumu ya maisha yako. Kila niliposema, "Ukinyamaza nitarudi barazani," nilikuwa nimeufanya mlio kuwa imamu nami maamuma. Nikarudi barazani nao unalia. Siku za kwanza ilikuwa shida. Baada ya mwaka hivi, nikajikuta nimemaliza mchana mzima sikuukumbuka.

HAKI YA MGONJWA ASIYEONEKANA

Yabaki upande wa pili wa suala, nao ni wenu nyinyi wazima. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu wa nyumbani kwenu akikwambieni kwamba masikio yanamvuma, haki yake ya kwanza ni kusadikiwa. Msimtake shahidi, kwani hana. Haki ya pili ni kuulizwa, tena si mara moja tu. Mke wangu mpaka leo huniuliza asubuhi, "Wale nyenje vipi leo?" nasi tukacheka. Haki ya tatu ni kutofananishwa. Kumwambia mtu kwamba wako waliopatwa na makubwa zaidi ni kweli, lakini kweli hiyo ni yake yeye kujikumbusha mwenyewe. Ukimtwika wewe, humwambii ashukuru, wamwambia anyamaze. Na akikuuliza "Umesemaje?" mara ya pili, mrudie kwa upole, ukimkabili uso, wala usiseme, "Basi, si kitu."

Na haki ya nne ni ya wale ambao bado ni wazima. Uislamu umekataza kudhuru na kudhuriana. Spika za arusi zinazotikisa madirisha ya mtaa mzima, na vile vya masikioni wanavyolala navyo vijana wetu, huziua zile chembe ambazo hazioti tena. Wenye kulinda afya ya wafanyakazi huhesabu kwamba kelele ya desibeli 85 mtu asikae nayo zaidi ya saa 8 kwa siku, na muziki wa spika kubwa hupita hapo kwa mbali. Mimi nilipoteza kwa kuokolewa roho. Itakuwa hasara iliyoje kwa kijana kupoteza vivyo hivyo kwa ajili ya ngoma ya usiku mmoja!

Ami yangu bado yu hai, Mungu ampe umri. Mwaka uliopita alinijia nyumbani akaketi kimya kitambo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ule mlio wako, ulianza vipi?" Nikajua. Kumbe uzee nao umempigia hodi masikioni. Ulimi uliniwasha kumrejeshea maneno yake. Nikauzuia; na pengine hiyo ndiyo subira ya kweli niliyopata kuifanya katika khabari hii yote. Nikamvutia kiti karibu, nikamwambia, "Hebu niambie, ami, unavyosikia."

Mistari hii naiandika usiku, nao ungali unalia. Karibu muadhini ataadhini, na sauti yake nitaisikia juu ya mlio wangu, nitainuka. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wanaoonekana na wasioonekana, awape walio wazima masikio ya kuwasikiliza, na azisitiri aibu zetu duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.